Adamu, Uko Wapi? Kuhusu Kanuni za Chuo na Wanaorudishwa Nyumbani



Matokeo ya mwaka yanapotoka vyuoni, parokia zetu huwa na habari za aina mbili. Moja hutangazwa baada ya Komunyo: kijana wetu amemaliza shahada, apigiwe makofi. Ya pili husemwa nje ya kanisa, kwa sauti ya chini: fulani kadisko. Neno hili "kudisko" limefika hadi kwa mama zetu wa WAWATA, nao hulitumia bila kujua hasa limebeba nini. Ameshindwa mtihani? Ameingia na karatasi kwenye chumba cha mtihani? Amepigana hosteli? Amekosa ada? Kwetu yote yanakuwa kitu kimoja: kijana amefukuzwa, basi. Na jina lake linaanza kuyeyuka kwenye kwaya.

Naandika juu ya kanuni zenyewe, kwa sababu naona waamini wengi tunachangia ada za watoto hawa kwenye jumuiya, tunawasindikiza stendi na stesheni kwa sala, lakini hatujui wanakokwenda wataishi chini ya sheria gani.

Kwa kifupi, ziko za aina mbili. Za kwanza zinahusu maendeleo ya masomo. Vyuo vyetu vingi hutumia GPA yenye kilele cha 5, na 2.0 ndiyo mstari wa kufaulu. Aliyeanguka somo hupewa mtihani wa marudio, ule ambao wanafunzi wanauita sapu. Akianguka tena, kulingana na chuo, atalibeba somo hilo hadi mwaka unaofuata, au atarudia mwaka. Wastani ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, anaondolewa masomoni. Za pili ni za mwenendo: udanganyifu wa mitihani, kunakili kazi ya mwingine (na sasa kuna hizi kazi zinazoandikwa na akili mnemba), ulevi, matusi, uharibifu wa mali, migomo. Hapo kuna kamati ya nidhamu, kuna onyo, kuna kusimamishwa, kuna kufukuzwa.

Sina ugomvi na kuwepo kwake. Muuguzi aliyenunua mtihani atatuua, na mwalimu aliyenakili tasnifu atafundisha watoto wetu kunakili. Anayedai chuo kisichoondoa mtu hajawahi kulazwa wodini. Swali langu ni jingine: sheria hizi zinamfikiaje yule zinayemhukumu?

Sisi wa falsafa hukutana mapema na ufafanuzi wa sheria wa Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Sheria kwake ni agizo la akili, kwa manufaa ya wote, linalotolewa na mwenye dhamana ya jamii, na lililotangazwa. Mwanafunzi anayejiandaa na mtihani hukariri vipengele vinne na kupata alama zake. Lakini kaa kidogo na hicho cha mwisho. Kwa Tomaso kutangazwa ni sehemu ya kuifanya sheria iwe sheria. Bila hivyo haijapata nguvu ya kumfunga mtu.

Sasa kitabu cha kanuni za chuo kiko wapi? Kiko kwenye tovuti, kwa Kiingereza cha wanasheria. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza husaini fomu ya kukubali kanuni zote siku ileile anayohangaika na namba ya malipo, godoro na chumba. Mzazi wake, ambaye ameuza mpunga au tumbaku ili kijana aende, hakuona hata ukurasa mmoja. Kisheria imetangazwa. Nadhani Tomaso angeuliza swali la pili.

Namfahamu binti mmoja wa kigango cha huku kwetu. Mama yake aliugua vibaya wiki ya mitihani, na yeye ndiye mkubwa. Akarudi kumuuguza. Hakuandika barua ya kuahirisha, kwa sababu hakujua kwamba kuna barua ya kuahirisha. Aliporudi chuoni alikuta amehesabiwa mtoro wa mitihani, na mtoro wa mitihani bila ruhusa ni sawa na aliyeanguka yote. Chuo hakikumwonea hata kidogo kwa mujibu wa kitabu. Kanuni ya kumwokoa ilikuwepo, kurasa chache kabla ya ile iliyomwondoa. Siku hizi anauza vitenge sokoni, na watu wa kigango wamekwisha kuamua wenyewe kwamba "alikuwa na mambo yake".

Hapa Tabora tumekaa juu ya barabara iliyojua jambo hili. Misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kupita Ugogo hadi Unyanyembe, na kuendelea Ujiji, ilikuwa na sheria kali. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi, kwa miezi. Lakini mzigo ulijulikana kabla ya kuondoka. Ujira na posho vilijadiliwa, sehemu ikatolewa mapema, na kiongozi wa msafara alijua kwamba akiongeza uzito au kupunguza posho njiani, wapagazi wangeweza kuweka mizigo chini na kukaa. Sitaki kuipamba barabara ile. Pembe na watumwa vilipita humohumo, na wapagazi wagonjwa waliachwa njiani, wengine wakafia hapo. Ila kuhusu masharti, mtu asiyejua kusoma aliyajua vizuri kuliko msomi wetu wa mwaka wa kwanza.

Kesi kubwa kuliko zote za nidhamu ya wanafunzi katika nchi yetu ina mizizi mjini kwetu, ingawa ilitokea Dar es Salaam. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi mia kadhaa, wengi wao wa Chuo Kikuu, waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao, kupinga masharti mapya ya Jeshi la Kujenga Taifa. Masharti yalikuwa miezi 5 kambini na miezi 18 ya kazi kwa asilimia 40 ya mshahara. Mabango yao mengine yalisema wakati wa ukoloni ulikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza wakisoma risala yao. Kisha akakasirika. Akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na akawafukuza wote: 393. Wakarudishwa vijijini kwao.

Mwalimu huyu alisoma Shule ya Serikali Tabora kuanzia 1937, na baada ya Makerere akafundisha St. Mary's, shule ya Wamisionari wa Afrika hapahapa mjini. Wakati wa tukio lile alikuwa pia Mkuu wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ambacho chuo cha Dar es Salaam kilikuwa sehemu yake. Leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu, na mchakato wake ulifunguliwa katika Jimbo la Musoma. Kwa hiyo najua naingia kwenye maji ya kina.

Naona alikuwa sahihi kuhusu hoja. Nchi ya wakulima ilikuwa inawasomesha wachache sana, nao wakaja kudai mshahara kamili kabla ya kuitumikia. Na mtu anayekata mshahara wake siku hiyohiyo anayowaadhibu wengine anastahili kusikilizwa. Lakini kuhusu namna, sikubaliani naye. Aliyekosewa ndiye aliyehukumu, saa ileile, akiwa na hasira, na hukumu ikawa moja kwa watu 393. Aliyeandika bango la ukoloni na aliyefuata tu mkumbo walipanda magari yaleyale ya kurudi nyumbani. Haki, tunafundishwa, ni kumpa kila mmoja kilicho chake. Na adhabu nayo ina kilicho cha kila mmoja.

Jambo ambalo masimulizi mengi hulipita haraka ni kwamba mwaka uliofuata wengi wao walirudishwa masomoni. Mmoja wa waliofukuzwa alikuwa kijana wa sheria kutoka Urambo, nchi ya Mirambo, magharibi kidogo ya hapa. Alirudi, akamaliza shahada yake 1971, na miaka mingi baadaye akawa Spika wa Bunge letu kuanzia 2005 hadi 2010. Ni marehemu Samuel Sitta. Kama mlango ungefungwa moja kwa moja mwaka 1966, tusingemjua. Na sijui kama ni sadfa tu (wanafalsafa hatupendi kusema sadfa) kwamba mwaka 1969 Mwalimu huyohuyo alichapisha Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare ambayo kiini chake ni mtu anayedai sheria itekelezwe neno kwa neno, na mahakama inayomwomba huruma.

Kuna kesi nyingine, ya mbali na ya zamani, ambayo naipenda zaidi. Mwaka 1723 mahakama ya Uingereza ilisikiliza shauri la Richard Bentley, msomi mkorofi wa Cambridge, ambaye chuo chake kikuu kilimvua shahada zake bila kumwita ajieleze. Mahakama ikaamuru arudishiwe. Mmoja wa majaji alikumbusha kwamba hata Mungu hakumhukumu Adamu kabla ya kumwita ajitetee. Ni kweli, turudi Mwanzo sura ya 3. Mungu anajua tunda limeliwa. Hahitaji ushahidi. Bado anauliza: uko wapi? Nani amekuambia? Anamuuliza Adamu, kisha Hawa, kila mmoja kwa zamu yake. Na baada ya hukumu anawashonea mavazi ya ngozi kabla ya kuwatoa bustanini.

Katiba yetu, ibara ya 13, inadai kitu hichohicho: chombo chochote kinachoamua haki za mtu kimpe nafasi kamili ya kusikilizwa, na haki ya kukata rufani. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1341, inamtaka mkubwa ajaribu kwanza onyo la kindugu na njia za kichungaji kabla ya kufikia adhabu. Vyuo vyetu vya Kikatoliki, hapa Tabora tukiwa na AMUCTA chenye jina la Askofu Mkuu Marko Mihayo, vinasimama juu ya nguzo zote mbili. Ningetarajia tutofautiane na vyuo vingine hapo hasa, kuliko kwenye urefu wa sketi. Barua ya kuondolewa masomoni isipite kwenye mfumo wa kompyuta peke yake, kijana akaikuta kwenye simu saa nne usiku. Aitwe. Aelezwe kwa lugha anayoielewa ameangukia kanuni ipi, ana siku ngapi za kukata rufani, na anaweza kuomba upya lini. Na anayekosa ada asichanganywe na mwizi wa mtihani; deni ni deni, lidaiwe kama deni.

Na sisi waseminari? Najua baadhi yenu mnasubiri nifike hapa. Seminari si chuo kikuu. Hakuna mwenye haki ya kupewa daraja, na walezi wanapima mambo ambayo GPA haiwezi kuyapima. Mlezi anaweza kuona kwamba kijana mwenye alama nzuri hana wito, na akawa sahihi. Hata hivyo anayeambiwa arudi nyumbani aambiwe kwa nini, ana kwa ana, na parokia yake isiachiwe pengo la kujazwa na uvumi. Kanuni ya 220 inalinda jina jema la kila mtu, na jina la aliyevua kanzu ni jina bado. Nimesikia mzee mmoja wa kanisa akimwita aliyetoka "aliyetupwa". Sijui tulijifunza wapi neno hilo.

Kwa upande wa parokia kuna mambo madogo yanayowezekana kabla ya vyuo kufunguliwa. Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, vijana wanaokwenda chuo wakae na wazazi wao na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu au mwalimu mwamini. Kitabu cha kanuni kifunguliwe, na kurasa nne zisomwe kwa Kiswahili: kuahirisha mitihani, sapu, udanganyifu, rufani. Ikibaki nafasi, na ya ugonjwa wa mzazi. Saa moja na nusu inatosha. Tunatumia muda mrefu kuliko huo kupanga sare za mavuno.

Yule binti wa vitenge, nimeuliza. Anaruhusiwa kuomba upya kuanzia mwaka wa masomo ujao. Hakuwa amejua. Jumuiya yake inakutana Jumamosi hii, na safari hii ajenda ya michango ina jina lake.