Binti Anakimbia, Sahani Iko Nusu

Mama mmoja alinisimamisha sokoni majuzi akiwa na jambo lililomkosesha usingizi. Binti yake wa Kidato cha Pili, mkimbiaji hodari wa mbio za nyika, hakuwa ameona hedhi kwa miezi 4. Wazo lililomjia mama ni lile ambalo lingemjia mzazi yeyote. Alimhoji, akamkaripia, akatishia kumtoa shule. Msichana alilia tu, akiapa kwamba hajui mwanamume. Walipokwenda zahanati, ikabainika kwamba kweli hakuwa mjamzito.

"Sasa ni nini, dadangu?" akaniuliza.

Nilimwuliza binti anakula nini. Alfajiri hukimbia kilomita 8 kabla ya chochote kuingia kinywani, kisha hunywa chai ya rangi. Mchana hula nusu sahani ya githeri, kwa kuwa kocha amewaambia wasichana kwamba mwembamba ndiye mwepesi. Jioni hukimbia tena. Na mama mwenyewe alikuwa akidunduiza pesa anunue kopo la unga wa protini aliloliona dukani, ambalo bei yake ingelisha nyumba yake juma zima.

Wazazi wengi hukosea hapo hapo. Ugali, viazi au wali tunaokula hugeuzwa mwilini kuwa sukari. Sehemu hutumika papo hapo, na nyingine huwekwa akiba katika misuli na ini, nayo huitwa glaikojeni. Akiba hii ni ndogo. Kwa mtu mzima aliyeshiba vizuri ni kama nusu kilo hivi, na akikimbia kwa kasi huweza kumwishia kwa muda wa saa moja na nusu hadi mbili. Mafuta ya mwili ni mengi zaidi, hata kwa aliyekonda, lakini huungua polepole na hudai hewa nyingi ya oksijeni. Anayebaki na mafuta pekee hana budi kupunguza mwendo. Ndiyo sababu katika marathon utamwona mtu anaongoza hadi kilomita 30, kisha ghafla miguu inakuwa mizito kama magogo. Eliud Kipchoge alipomaliza kilomita 42 mjini Vienna mwaka 2019 kwa saa 1:59:40, alikuwa akipokezwa njiani chupa za kinywaji chenye wanga. Sembuse msichana aliyeamka na tumbo tupu!

Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti ulioongozwa na Vincent Onywera wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, uliofuatilia kwa siku 7 sahani za wanariadha 10 mashuhuri waliokuwa kambini Bonde la Ufa. Zaidi ya robo tatu ya nguvu zao ilitokana na vyakula vya wanga. Ugali peke yake ulichangia karibu robo, na sukari, nyingi yake ya kwenye chai, kama sehemu moja kwa tano. (Baba anayeshinda kitini asijisingizie hesabu hiyo, sukari ile ni ya wanaoichoma kila siku.) Nyama ilikuwa kidogo, lakini protini ilitosha. Hata hivyo, juma hilo walitumia nguvu kuliko walichokula. Mtu mzima anaweza kuvumilia hivyo kwa siku chache. Mtoto anayekua hawezi kuvumilia kwa miezi.

Chakula kisipotosheleza mbio, mwili huanza kubana matumizi. Huzima kinachoweza kusubiri, na kwa msichana hedhi huwa miongoni mwa vya kwanza kusimama. Homoni ya estrojeni hupungua, na mifupa, ambayo inapaswa kujengeka imara katika miaka hii, hulegea na kupata nyufa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hii jina rasmi mwaka 2014, ikasema wazi kwamba hata wavulana huipata. Kocha anayeona hedhi kukatika kuwa dalili ya mazoezi kukolea anacheza na mifupa ya mtoto wa mwenyewe. Ikikosekana miezi 3, msichana apelekwe hospitalini.

Nilimshauri mama ampe binti ndizi au kikombe cha uji kabla ya kutoka alfajiri. Akirudi, asingoje mchana. Ndani ya saa moja apate uji wa wimbi wenye maziwa, au viazi vitamu na yai. Githeri iwe sahani kamili. Sukuma wiki ale na chungwa, na chai aiweke mbali na mlo, maana huzuia madini ya chuma, ambayo wasichana wakimbiaji hupungukiwa upesi. Na aende akaonane na kocha, kwa adabu lakini bila kumung'unya maneno.

Pesa za kopo alinunulia trei ya mayai na debe la viazi. Lililobaki, aliniambia akiinua kikapu chake, ni kumwomba binti radhi, na hapo hajui aanzie wapi.