KURA ZIGAWANYWE, AU MSHINDI ATWAE ZOTE?

Mwenzenu mimi si mwanasiasa, wala sina haja ya kuwa. Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, nina umri wa miaka kumi na sita, na kila jioni hurudi nyumbani kwa miguu nikaketi jikoni na nyanya. Huko jikoni ndiko suala hili lilikoanzia.

Mwaka wa 2022 nyanya aliamka alfajiri na mapema, akajifunga leso, akaenda kupanga foleni. Aliyemchagua kuwa gavana wa Meru alishindwa. Hadi leo yeye huniuliza, "Mjukuu wangu, ile kura yangu ilienda wapi?"

"Nyanya, ilihesabiwa."

"Haya, ilihesabiwa. Kisha?"

Sikuwa na jibu. Nyanya anasema ati mwaka wa 2027 atabaki shambani apalilie maharagwe yake. Hapo ndipo nilipoanza kufikiri.

Waama, mshindi wa mwaka huo, Bi. Kawira Mwangaza, aliyesimama bila chama, aliwapiku Bw. Mithika Linturi na Bw. Kiraitu Murungi, lakini kura zake hazikufika nusu ya zote. Kwa jirani zetu wa Embu, Bi. Cecily Mbarire alimshinda Bw. Lenny Kivuti kwa kura zisizofika elfu nne. Hata hivyo gavana ni mmoja tu. Fahali wawili hawakai zizi moja, kwa hivyo hapo sina ubishi.

Lakini mbona hata viti vikiwa vingi bado mshindi hutwaa vyote? Katika uchaguzi wa 1992, Mzee Moi alipata kama asilimia 36 ya kura za urais. Matiba, Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga waligawana karibu zote zilizosalia. Bungeni, chama cha Kanu kilipata viti 100 kati ya 188 vilivyopiganiwa, kwani katika kila eneo bunge aliyetangulia, hata kwa kura moja, alibeba kiti na wengine wakaambulia patupu.

Wenzetu wa Marekani wana tatizo lao. Huko rais huchaguliwa kwa kura za wajumbe, na kila jimbo lina idadi yake. Karibu majimbo yote humpa mshindi kura zote za jimbo, hata akishinda kwa unywele. Ni Maine na Nebraska tu zinazoweza kugawa, nazo hufuata mshindi wa kila wilaya ya uchaguzi. Ndiyo maana mwaka wa 2000 Al Gore alipata kura nyingi za wananchi kuliko George W. Bush, na bado Bush akaapishwa.

Mwaka wa 2004 wananchi wa Colorado waliulizwa kama kura zao 9 zigawanywe kwa uwiano. Wakakataa! Mwanzoni niliwaona wajinga. Kisha nikashika kalamu nikapiga hesabu. Mgombea akipata asilimia 55, atachukua kura 5 na mwenzake 4. Tofauti ni kura moja tu. Nani atachoma mafuta ya gari kuja kutafuta kura moja? Jimbo likigawa peke yake huku mengine yakikataa, limejifunga bao lenyewe.

Kwetu Kenya, kwa bahati njema, kura za urais hazimezwi na kaunti. Huhesabiwa moja moja nchi nzima. Katiba ya 2010 inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau robo ya kura katika kaunti 24 kati ya 47. Nyanya akimchagua rais asiyependwa hapa Meru, kura yake bado inajumlishwa na ya mtu wa Mombasa au Busia. Sioni haja ya kubadilisha hilo.

Penye haja ni kwenye viti vya kuteuliwa: 12 vya Bunge la Taifa na vile 16 vya wanawake katika Seneti. Watu husema vinagawanywa kwa uwiano. Kweli, lakini ni uwiano wa viti ambavyo chama kimeshinda, wala si wa kura. Aliyenacho huongezewa! Maoni yangu ni kwamba vigawanywe kwa kufuata kura. Hapo kura ya nyanya ingepata pa kukaa.

Wapo watakaosema kwamba kugawa huzaa vyama vidogo vidogo na kelele nyingi. Ni kweli, na hesabu nayo ina hila zake. Tazameni chama chetu hiki. Mwaka jana washairi walipata kura 28, watu wa mdahalo 20 na waigizaji 12. Washairi wakachukua viti vyote vitano vya kamati. Matokeo mliyaona: waigizaji waliacha kuja mikutanoni, na jarida likajaa mashairi kama gunia la viazi.

Tungegawa viti vitano kwa uwiano, washairi wangepata 2, mdahalo 2, waigizaji 1. Washairi wangelalamika, na wangekuwa na haki, kwani 28 si sawa na 20. Lakini tukiongeza kiti kimoja tu, viwe sita, basi kila kura kumi ni kiti: 3, 2 na 1. Hakuna wa kununa. Funzo ni kwamba kugawa kunafaa, mradi viti vitoshe na sheria iwe moja kwa wote.

Kwa hivyo, katika mkutano wetu mkuu ujao nitatoa hoja tuwe na viti sita vigawanywe kwa uwiano. Naomba mniunge mkono, hata nyinyi washairi. Mimi mwenyewe ni mshairi, na najua kundi langu litapoteza viti viwili. Lakini afadhali viti vitatu katika chama kilichojaa watu kuliko vitano katika chumba kitupu.

Naye nyanya nimemwomba yale maharagwe yasubiri siku moja. Amesema atafikiria.