Semesta ya mwisho ya Kiingereza, na fomu ambayo mama yangu aliweka sahihi

Jumatatu narudi kampasi kwa semesta ya mwisho. Nyinyi mnaonifuata tangu mwaka wa kwanza mnajua nasomea ualimu, Kiingereza na Fasihi, na mnajua swali ambalo siwezi kupita steji ya Kiritiri bila kuulizwa: "Sasa ukimaliza, hicho Kiingereza utakipeleka wapi?"

Zamani nilikuwa najibu TSC, basi. Siku hizi hilo jibu halitoshi, kwa sababu kila mtu ana binamu aliyehitimu na bado yuko nyumbani, ama ni mwanagenzi wa JSS kwa elfu 20 kwa mwezi kabla ya makato. Hayo ya ajira yameandikwa sana, sitayarudia. Leo nataka kusema kitu kilichonipata likizo ya Disemba.

Mama mmoja jirani alikuja na bahasha. "Mwalimu, hebu nisomee hii." Wananiita mwalimu hata kabla sijafuzu, na mimi, kusema ukweli, huwa sikatai. Ndani kulikuwa na barua kutoka kampuni ya mikopo, sitaitaja. Mwenzake wa chama alichukua mkopo, akashindwa kulipa, na sasa yeye ndiye anapewa siku 14. Kwa nini yeye? Alinitolea makubaliano yenyewe. Kurasa nne, zote Kiingereza. Ukurasa wa tatu kuna neno "guarantor", chini yake jina lake limeandikwa na mkono wa mtu mwingine, halafu sahihi yake. Kisha orodha: ng'ombe mmoja wa maziwa, televisheni, seti ya viti.

Alikumbuka ile siku walikuja. Aliwapikia chai. Mmoja alizunguka zunguka akiangalia boma, na yeye akadhani kijana anapenda ng'ombe. Kumbe alikuwa anahesabu.

"Waliniambia niweke sahihi kuonyesha namjua huyu mama," akasema.

Nikamwambia maana ya hilo neno ni mdhamini. Hakungoja nimalize. "Mdhamini? Wangesema mdhamini ningekataa."

Hapo ndipo nilipokwama. Huyu mama si mtu asiyejua kusoma. Alimaliza darasa la nane, anasoma Biblia ya Kiswahili kila jioni, na taarifa ya habari anaifuata kuniliko. Neno moja tu lingekuwa kwa lugha anayoijua, ng'ombe angekuwa salama. Watu hupenda kusema wazazi wetu huku Mbeere wanatapeliwa kwa sababu hawakusoma. Walisoma! Ila karatasi zao zinaandikwa na watu ambao hawana haja waelewe.

Tulienda naye ofisini. Niliandika barua ya Kiingereza kizuri sana, miaka mitatu na nusu ya kusoma yote niliimwaga pale, na wakakubali alipe pole pole kwa miezi mitatu. Aliuza mbuzi kulipa awamu ya kwanza. Nilipomuuliza yule kijana wa ofisi kama wana fomu ya Kiswahili, alicheka. "Madam, hata mimi hii sijaisoma yote."

Nilirudi nyumbani nikijiona shujaa. Ilidumu mpaka usiku.

Usiku nilikumbuka fomu ya HELB. Mwaka 2022, tulipotoka KCSE na kuitwa vyuo, nilijaza maombi ya mkopo kwa simu, nikaenda saiba kuchapisha, nikaja nayo hadi kwa mama. HELB wanataka wadhamini wawili. Mama alikuwa ametoka tu kuchuma muguka, mikono bado ina utomvu. Nilimwonyesha kwa kidole: weka sahihi hapa, na hapa. Akaweka. Sikumwambia ni nini. Mimi, niliyepita Kiingereza kuliko darasa lote, nilimfanyia mama yangu kile kile kijana wa mikopo alichomfanyia jirani, tofauti ni kwamba mimi sikuhesabu ng'ombe.

Na kumbukeni mama analipa na nini. Muguka hauvumilii, ukichumwa leo lazima usafiri leo. Mei 2024 kaunti ya Mombasa ilipopiga marufuku muguka, na Kilifi ikafuata, huku kwetu ilikuwa kama mtu amefunga benki. Korti ya Embu ikasimamisha ile amri, lakini kabla ya hapo tulikuwa tumeshahesabu ni nani atarudi shule na nani atabaki. Huyo ndiye mdhamini wangu. Mwaka mmoja baada ya mimi kumaliza, HELB wanaanza kudai.

Kwa hivyo asubuhi nilimweleza, kwa Kimbeere, kila kitu. Alinyamaza kidogo, akauliza: "Na wewe ukikosa kazi, wanakuja kwangu?" Sikuwa na jibu kamili. Nilikuwa nimejaza ile fomu bila kusoma masharti yote.

Maoni yangu ni haya. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na lugha rasmi ni mbili: Kiswahili na Kiingereza. Mbili. Sasa niambieni mara ya mwisho mlipewa fomu ya mkopo, ya shamba, ya basari ama ya kukubali upasuaji hospitalini kwa Kiswahili. Fomu yoyote inayoweza kumnyang'anya mtu mali inafaa iwe na Kiswahili upande wa pili, na bila hiyo, sahihi iliyo chini isihesabiwe.

Rafiki yangu wa darasani aliniambia najimwagia unga, eti mwalimu wa Kiingereza anapigania Kiswahili. Sidhani. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika kutaka Idara ya Kiingereza pale Nairobi ivunjwe, na tunaisoma hiyo barua kama historia ya mtihani. Lakini hawakusema watu waache kusoma vitabu vya Waingereza. Walitaka Afrika ikae katikati na hao wengine wakae kando. Mimi napenda Kiingereza. Sitaki tu kiwe kufuli ambayo nina ufunguo na majirani hawana, halafu nijisifu eti nafungua.

Semesta hii tuna mradi wa utafiti. Nilikuwa nimepanga kuandika juu ya taswira katika riwaya, mada salama, ya kumaliza haraka. Nimebadilisha. Nataka kuchukua fomu moja ya mkopo, niitafsiri kwa Kiswahili cha sokoni, kisha niwape akina mama wa Kiritiri zote mbili na kuwauliza walichoelewa. Msimamizi amejibu kwa ujumbe mfupi: "Hii ni isimu ama ni siasa?" Tutaonana naye Jumanne.

Nahitaji fomu zaidi, tupu, zisizo na jina la mtu. Kama unafanya kazi kwa sacco, benki ama ofisi ya mikopo, piga picha unitumie. Na kama uko chuo na mama yako alikuwekea sahihi, mpigie leo.