Barua ya Wazi kwa Tume ya Tannehill: Watafuteni Waliozijenga Tanuru

Kwa wajumbe wa Tume inayosimamia tanuru za chuma za Tannehill, Alabama, Marekani.

Waheshimiwa,

Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa sisi Waafrika Mashariki tunaoishi Birmingham huwaleta watoto wetu hapo kwenu, na nataka nao waisome barua hii.

Nawashukuru kwa utunzaji wenu. Machi 31, 1865, katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, askari wapanda farasi wa Kaskazini waliuteketeza mtambo wa tanuru hizo, mawe yakabaki. Mwaka 1976 tanuru moja iliwashwa tena, ikatoa chuma.

Mawe hayo yalichongwa na kupandishwa na watumwa weusi. Na kujenga kulikuwa mwanzo tu. Kulikuwa na wakata miti na wachoma mkaa, waliolinda tanuri la udongo usiku na mchana, maana moto ukipata upenyo kuni zote huwa majivu. Wengine walimimina kinywani mwa tanuru mkaa, madini na mawe ya chokaa. Wengine walisimama chini, penye joto la kubabua, wakiufungulia uji wa chuma utiririke kwenye mifereji ya mchanga. Wakati wa vita tanuru ziliweza kutoa hadi tani 22 kwa siku. Chuma hicho kilipelekwa mjini Selma kutengenezewa silaha za jeshi la Kusini, lililopigana ili wao wabaki watumwa. Nikilifikiria hilo, moyo hunijaa.

Daniel Hillman, aliyeanzisha uhunzi hapo mwaka 1830, tunamjua kwa jina. Moses Stroup, aliyesimamia ujenzi wa tanuru, pia. Lakini sensa ya 1860 iliwaorodhesha watumwa kwa umri, jinsia na rangi chini ya jina la bwana wao, majina yao wenyewe yakiachwa.

Hata hivyo, njia ipo. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Washington, ina hati za malipo za serikali ya Kusini zinazowataja watumwa kwa majina, ingawa fedha walipewa mabwana. Nayo sensa ya 1870 iliwaandika walioachwa huru kwa majina na kazi zao.

Naomba Tume imwajiri mtafiti apekue hati hizo, pamoja na daftari za kaunti za Tuscaloosa, Jefferson na Bibb. Kila jina litakalothibitika lichongwe kwenye jiwe, liwekwe mbele ya tanuru, pale mgeni anapofikia kwanza. Na wazao wa watu hao waitwe kwenye kazi hii tangu siku ya kwanza, kabla jiwe halijachongwa.

Wenu kwa heshima,
Mkazi wa Birmingham, Alabama