DAFTARI LA BEI LISIFICHWE

Siku hizi ununuzi na uuzaji wa hisa katika masoko makubwa ya dunia haungoji tena sauti ya dalali. Kompyuta ndizo ziagizazo, na kabla ya kukabidhiwa fedha hujaribiwa kwa bei za miaka iliyopita: lau zingalikuwapo wakati ule, zingalipata faida au hasara? Jambo hili si la matajiri peke yao. Akiba za uzeeni za wafanyakazi nazo zimo katika masoko hayo, ndiyo sababu twalisema hapa.

Mwaka 1960 Chuo Kikuu cha Chicago, kwa fedha za kampuni ya madalali ya Merrill Lynch, kilianza kukusanya bei za kila mwezi za hisa zote za kawaida za Soko la New York tangu Januari 1926. Bwana James Lorie na Bwana Lawrence Fisher hawakumaliza upesi. Hesabu zao zilitoka mwaka 1964. Ubora wa kazi ile ni kwamba waliyaandika na makampuni yaliyokufa.

Hapo ndipo wengi wapotokapo. Mtu achukuaye orodha ya makampuni yaliyo hai leo na kurudi nayo nyuma, hamkuti Enron, iliyofilisika Desemba 2001 na kuzizamisha akiba za wafanyakazi wake wengi. Mashine iliyojaribiwa hivyo imeshindanishwa na washindi watupu. Tena liko kosa lichekeshalo: Agosti 2020 kila hisa ya Apple iligawanywa kuwa nne, bei ikashuka kiasi cha robo tatu pasipo mtu kupoteza hata senti. Daftari lisiloandika mgawanyo huo huiambia mashine kwamba pana msiba.

Lakini hazina ya Chicago hutolewa kwa ada, na masoko mengi huuza bei zao za kale kama bidhaa. Twakiri kuwa kuzitunza kuna gharama. Hata hivyo, dalali akimwonyesha mteja faida za majaribio, na mteja hana njia ya kuzikagua, huo si ushahidi bali ni maneno ya mwuzaji.

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998. Miaka yake si mingi kama ile ya New York. Twataka bei zote tangu siku ya kwanza, pamoja na magawio, migawanyo ya hisa na majina ya makampuni yatakayoondoka, ziwekwe mahali pamoja, na vyama vya wafanyakazi na wanafunzi wazipate bila malipo.