Nambari za ubora zichapishwe zisomeke



Nina dukuduku ambalo najua si langu peke yangu. Kila uchao tunahimizwa tusinunue chakula cha pakiti kabla ya kukagua alama ya ubora. Ushauri ni mzuri, ila wanaotushauri hawajajiuliza kama hicho tunachotakiwa kukagua kinaonekana, na kikionekana, kama kinaeleweka.

Kisheria, chakula kinachotengenezwa na kupakiwa humu nchini Kenya sharti kiwe na alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), na chini ya alama hiyo pawe na nambari ya kibali. Nambari ndiyo yenye uzito, kwani mchoro wa alama anaweza kuunakili yeyote mwenye kompyuta na mashine ya kuchapisha. Mnunuzi anaandika SM# na kufuatisha nambari ile, anatuma arafa kwa 20023, kisha anaelezwa kibali ni cha nani na ni cha bidhaa gani. Utaratibu huu ni mzuri na hautaki simu ya bei.

Tatizo ni kuipata hiyo nambari. Ingia duka lolote la mtaani hapa Likoni, uchukue pakiti za unga uzigeuze. Alama utaiona, lakini nambari mara nyingi ni ndogo kama punje ya mtama, au imechapishwa pale karatasi inapokunjwa na kutiwa gundi. Ili uisome itabidi uifungue pakiti, na ukishaifungua umeshainunua.

Majuzi nilibahatika kuisoma kwenye pakiti ya unga wa wimbi, nikatuma arafa palepale dukani. Jibu lilisema nambari ile ni ya maji ya chupa ya kampuni nyingine kabisa. Nilipomwonyesha muuzaji, alinijibu kwa upole: “Mama, mimi nauziwa nami nauza. Hayo ya nambari wanayajua wenyewe wanaoleta.” Sikumlaumu. Pakiti zilizobaki alizirudisha rafuni, na bila shaka zimeshaliwa.

Kuna atakayesema haya ni mambo madogo. Sivyo. Mwaka 2004, watu 125 walifariki dunia, wengi wao huko Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yaliyoingiwa na sumu ya aflatoksini baada ya kuhifadhiwa yakiwa na unyevu. Sumu hiyo haionekani kwa macho, na haiondoki kwa kusonga ugali ukaiva. Kiwango kinachoruhusiwa katika unga ni mikrogramu 10 tu kwa kilo, kipimo ambacho hakijulikani bila vifaa maalumu vya kupimia. Novemba 2019, KEBS ilisimamisha vibali vya chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumu hiyohiyo. Chapa hizo zilikuwa zinajulikana na zilikuwa na alama. Kwa hivyo aliyetazama alama peke yake siku ile hakujua lolote. Kilichobadilika ni kibali, na kibali hujulikana kwa nambari.

Pale maelezo yanapokosekana, uvumi ndio hushika nafasi. Wengi wetu tunaamini ile mistari myeusi inayosomwa na mashine za supamaketi ni cheti cha ubora, na kwamba ikianza na 616 basi bidhaa ni ya Kenya na ni salama. Tarakimu hizo huonyesha tu kwamba kampuni ilisajili msimbo wake hapa nchini. Hazisemi chakula kilipikwa wapi, wala kama kuna aliyekipima. Hali kadhalika neno “halali”. Sisi wa Pwani hulitafuta kabla ya yote, na ni haki yetu, lakini linahusu masharti ya dini na halichukui nafasi ya kipimo cha maabara. Tena pakiti nyingine zimeliandika hivyo tu, bila kutaja ni taasisi gani iliyothibitisha.

Zaidi ya hayo, karibu maelezo yote ni ya Kiingereza. Kuna tarehe inayomaanisha chakula kitapungua ladha, na kuna inayomaanisha kisiliwe tena. Bibi aliyesomea madrasa tu atazitofautisha vipi? Katiba, kifungu cha 7, inataja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata maelezo anayohitaji ili afaidike na bidhaa. Maelezo asiyoweza kuyasoma hayajamfikia.

Wala sijamgusa anayenunua kwa kupimiwa: mafuta ya robo lita, unga wa nusu kilo kwenye mfuko mweupe usio na maandishi. Huyu hata hiyo alama haioni, na ndiye mwenye kipato kidogo zaidi.

Kwa hayo, nawaomba wahusika mambo matatu. Kwanza, kanuni iweke ukubwa wa chini wa nambari ya kibali, na ichapishwe upande wa mbele wa pakiti, mbali na mkunjo. Pili, tarehe na maonyo yaandikwe kwa Kiswahili pia. Tatu, muuza rejareja anayepima atakiwe kuliweka wazi gunia au mtungi ambamo bidhaa ililetwa, lebo ikimwelekea mnunuzi. Hakuna hata moja linalohitaji kiwanda kipya wala mkopo kutoka nje.

Nanyi wasomaji wenzangu, msiridhike na mchoro. Tafuteni nambari, tumeni arafa, na jibu lisipolingana na pakiti mliyoshika, msinunue, kisha mpeleke habari kwa KEBS. Kampuni inayouza chakula safi haina sababu ya kuificha nambari yake.

Mnunuzi,
Likoni, Mombasa