Kwenu Mnaoendesha Baiskeli: Shikeni Namba ya Gari

Ndugu zangu wa Tandika, Mbagala na kote Dar es Salaam mnakohangaika na baiskeli,

Salamu kutoka London. Nimetoka zamu ya usiku, baiskeli bado inachuruzika maji ya mvua hapo mlangoni. Kabla ya barua hii nimeandika nyingine fupi, ya kumsifu dereva wa basi ambaye hata jina lake silijui.

Ilikuwa kwenye mtaa mwembamba, magari yameegeshwa pande zote mbili, na basi la ghorofa liko nyuma yangu. Hakupiga honi. Hakunisogelea. Alinifuata polepole mpaka barabara ikapanuka, ndipo akahamia upande wa pili na kunipita kwa mbali. Huku, tangu Januari 2022, mwongozo wa barabarani unamtaka dereva amwachie mtu wa baiskeli angalau mita 1.5 anapompita kwa mwendo usiozidi maili 30 kwa saa. Yule aliniachia zaidi.

Nilimkuta kituo cha mbele akishusha abiria. Nikaandika kwenye simu namba ya ruti, namba ya usajili, saa na dakika, jina la mtaa, na upande aliokuwa akielekea. Mabasi ya hapa yanaendeshwa na kampuni binafsi kwa mkataba wa mamlaka ya usafiri ya jiji, Transport for London, na mamlaka hiyo inapokea malalamiko na pongezi pia. Wao hawahitaji nijue dereva anaitwa nani. Kwa saa na namba ya gari, kampuni inajua nani alikuwa kwenye usukani.

Somo hilo nililipata kwa maumivu. Miaka ya nyuma, katika mji mwingine wa huku, basi lilinibana ukingoni hadi kioo chake kikanigonga bega. Nilifika nyumbani natetemeka, nikawaandikia wenye basi ukurasa mzima kwamba dereva wao ni muuaji. Saa sikuitaja, namba sikuwa nayo. Wakajibu kwamba hawawezi kumtambua. Hasira yangu ilikuwa ya haki, lakini yule bwana aliendelea kuendesha kama kawaida.

Ndiyo maana nilipopigiwa simu kwamba mjomba wangu, muuza mikate kwa baiskeli, amechomekewa na daladala, kreti ikapinduka na mikate yote ikaishia kwenye tope, swali langu la kwanza baada ya kumpa pole lilikuwa namba ya gari. Alichokumbuka ni maandishi ya nyuma: “Mungu Mkubwa”. Daladala ngapi zimeandikwa hivyo?

Mjomba, shika namba: T, tarakimu tatu, herufi tatu. Ukikosa zote, shika herufi za mwisho pamoja na ruti iliyoandikwa mbele, kisha saa na kituo. LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya 2019, ndiyo inayotoa leseni za daladala na kupokea malalamiko, na ina simu isiyolipiwa. Ukiumia, anzia polisi.

Najua mtasema mtu wa baiskeli hasikilizwi. Mmoja, huenda. Lakini siku ambayo gari lilelile limelalamikiwa na muuza mikate, mwanafunzi na fundi anayekwenda kazini, kila mmoja na saa yake, itakuwa vigumu kuwapuuza. Dar es Salaam mna umoja wenu wa waendesha baiskeli, UWABA. Pelekeni namba hizo huko pia.

Na msiandike mabaya peke yake. Dereva wa daladala anakimbizana na hesabu ya tajiri tangu alfajiri. Anayewahi kituoni kwa kukubana anarudi na hesabu kamili. Anayekusubiri upite huenda akapungukiwa, na hakuna anayemwambia tajiri kwamba gari lake liko kwenye mikono salama. Sisi tuliokuwa ubavuni mwa gari ndio tulioona. Tusipolisema jambo hilo, nani atalisema?

Mjomba, kwenye mzigo ninaotuma kuna kalamu ya wino usiofutika kwa mvua. Andika namba kwenye ubavu wa kreti, papo hapo, kabla hujashika njia tena. Na kesho daladala ikikupisha vizuri, namba yake nayo iandike.